Kofi la Tatu

Kofi la kwanza hulia vizuri tu. La pili nalo halina neno. Ni la tatu linalomfunulia mtu kwamba katika ukumbi wa watu elfu mbili anapiga peke yake, kwamba muziki haujaisha, na kwamba bibi wa safu ya mbele amegeuka kumtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyecheka msibani. Mwongozaji wa okestra hageuzi hata shingo, na hilo ndilo linalochoma zaidi. Mikono inabaki hewani, haina pa kwenda. Wengine huisugua kama waliopigwa na baridi, wengine hujikuna sikio ambalo halikuwa likiwasha. Kiswahili kimeliona jambo hili mapema, ndiyo maana neno ni lilelile: mtu anapiga kofi, na papo hapo analipokea shavuni. Hoja yangu ni kwamba mtu huyo hana kosa. Mwenye kosa ni aliyemuuzia tiketi.

Tazama matangazo ya msimu ujao ya okestra za mikoani, kwa maana ileile tunayosema mabasi ya mikoani: Hallé ya Manchester, iliyoanza mwaka 1858, au Bournemouth Symphony Orchestra, iliyoanzishwa 1893, inayozunguka miji ya kusini mwa Uingereza. Msimu huanza Septemba au Oktoba, na tangazo hutoka miezi kabla. Humo utasoma: Tchaikovsky, Simfonia Na. 6, B maina, Op. 74. Namba hiyo ya mwisho inamfaa mkutubi. Hiyo B maina inamfaa mpiga fidla, ambaye tayari anaijua. Mnunuzi wa tiketi anahitaji habari moja tu, nayo haimo: gari hili linasimama vituo vingapi kabla ya kufika? Maana simfonia ni safari ya basi hasa. Kwa kawaida ina sehemu nne, na kila sehemu ikiisha injini inazimwa kabisa. Kimya. Watu wanakohoa, yaani koo linachimba dawa. Wapigaji wanafungua kurasa, na wa fidla hukaza nyuzi zilizolegea. Kila dalili inasema tumefika, ila abiria haruhusiwi kushuka, wala kumshukuru dereva.

Hiyo ya sita ya Tchaikovsky, iliyopigwa mara ya kwanza Saint Petersburg mwezi Oktoba 1893, siku tisa kabla mtunzi hajafa, ndiyo mtego mkuu, na inafaa kuutazama ulivyotegwa. Desturi ya simfonia ni kuweka sehemu ya polepole katikati na ya kishindo mwishoni. Yeye akapindua. Sehemu ya tatu inaanza kwa mnong'ono, fidla na zumari zikikimbizana kama panya darini. Kisha gwaride linajitokeza vipande vipande, huku kipande, kule kipande, mpaka zinaingia tarumbeta zote, ngoma kubwa na matuazi, na ukumbi mzima unatikisika. Linagonga mara ya mwisho, linakatika. Mwili wa binadamu haukuumbwa kukaa kimya baada ya kelele hiyo. Mikono huondoka yenyewe. Na hapo ndipo inapofuata sehemu ya nne, maombolezo matupu, yanayofifia hadi zinabaki fidla nene za chini zikinong'ona, na mwisho wenyewe hausikiki umefika lini. Basi mgeni anapiga makofi palipo na kishindo, anazomewa kwa macho, anajifunza, na muziki ukiisha kweli anakaa kimya akisubiri sehemu ya tano isiyokuwapo. Waongozaji wanaujua mtego huo. Baadhi yao huruka moja kwa moja kutoka gwaride kwenda kilio, bila kushusha mikono, ili kumwokoa mtu na fedheha. Wengine husimama. Ningependa kujua wanasubiri nini.

Watasema wenye ukumbi kwamba kimya ni heshima kwa mtunzi. Mtunzi yupi? Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris mwaka 1778 akijisifu kwamba wasikilizaji walilipuka kwa makofi katikati ya sehemu ya kwanza ya simfonia yake, mahali alipojua kabisa watapapenda. Kwa furaha akaenda kula aiskrimu. Simfonia ya saba ya Beethoven ilipozinduliwa Vienna, Desemba 1813, watu walidai sehemu ya pili irudiwe. Brahms mwaka 1859 alipiga konseto yake ya piano mjini Leipzig, sehemu mbili za kwanza zikapokewa kwa kimya, naye akaelewa kwamba kazi imeanguka. Kwa mabwana hawa kimya kilikuwa tusi. Hii sheria ya kukalia mikono ilikomaa mwanzoni mwa karne ya 20, na ilianza kuwauma watunzi wenyewe kabla haijatuuma sisi: inasimuliwa kwamba Wagner, aliyewaomba watu wa Bayreuth mwaka 1882 watulize makofi katika opera yake *Parsifal*, siku moja alipiga kelele ya kupongeza onyesho lake mwenyewe, na watazamaji wakamnyamazisha.

Kuna pingamizi lenye uzito kuliko hilo: makofi hukata uzi wa fikra. Nakubali, uzi upo. Ila mtunzi aliyetaka usikatwe aliufunga fundo mwenyewe. Mendelssohn, katika konseto yake ya fidla, anamwacha mpiga basuni ameshikilia noti moja wakati wenzake wote wamenyamaza, na noti hiyo inaivuta sehemu ya pili ndani kabla mtu hajainua kiganja. Huo ni mlango uliofungwa kwa ufunguo. Asiyeufunga, akauacha wazi na taa zinawaka, asimlaumu anayeingia. Nao wanaoamini kwamba usikivu na kelele havikai nyumba moja wangekwenda Unguja kusikiliza Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarabu cha tangu 1905, chenye fidla na ile ala ya nyuzi iitwayo kanuni. Shairi likimgusa mtu, anainuka katikati ya wimbo, anakwenda taratibu kwa madaha na noti ya fedha mkononi, anamtunza mwimbaji. Hakuna aliyepoteza uzi. Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri, katika matamasha yake ya Alhamisi mjini Cairo, aliurudia mstari kwa sababu ukumbi ulipiga kelele za kuudai.

Limebaki lile la ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Haya, tuvunje, lakini wenye chongo watujulishe mlangoni kwamba ni jicho lipi. Okestra hizi hazina anasa ya kuchagua wageni. San Antonio Symphony ya Texas, iliyoanzishwa 1939, ilifilisika mwaka 2022 baada ya mgogoro mrefu wa mishahara. Sisemi makofi yangeiokoa. Nasema tu kwamba wasimamizi wa sekta hii wanalalamika kila msimu kwamba wasikilizaji wapya hawaji, na akija mmoja wanampokea kwa jicho la yule bibi wa safu ya mbele.

Makosa mengine hayana haja ya kutetewa sana. Aliyeshangilia wakati obo inatoa noti ya A ili wenzake walinganishe vyombo, alishangilia kitu kizuri. Mwenye peremende ya karatasi ngumu asifungue polepole. Na ukiona wametangaza simfonia ya 90 ya Haydn, shika mikono yako hata kama wote wanapiga: mzee yule aliweka mwisho wa uongo, akaacha kimya, kisha akaendelea, kusudi.