Mmeunguza Amplifaya Nyingine!

Mfyuuu! Eti amplifaya "imerogwa". Imerogwa na nani, wakati kijana wenu ameining'inizia spika nane kwenye tundu mbili, chanya moja na hasi moja? Kila pamba ikishauzwa na msimu wa ngoma ukafunguka, hapa Songwa kisa ni kilekile. Kundi la ngoma la Bagika upande huu, la Bagalu upande ule, na mshindi ni anayevuta watu wengi. Zamani tuliambiwa kinachovuta watu ni dawa ya manju. Siku hizi dawa ni ukubwa wa mziki, ila moshi ukitoka analaumiwa mpinzani: "Wametutupia kitu." Nasonya mie! Kitu gani mtupiwe, nanyi mmejitupia wenyewe?

Haya, sogeeni kwenye benchi. Geuzeni spika muisome mgongo: omu 8. Hizo omu ndizo ukinzani wake, ndizo zinazouzuia umeme usipite ovyo. Sasa mkifunga spika ya pili sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, mnadhani omu zimekuwa 16. Wapi! Umeme umepata njia ya pili, kwa hiyo kizuizi kimepungua kikawa 4. Spika nne zinakuwa omu 2. Hizo nane zenu ni omu 1, na omu 1 haiko mbali na kugusanisha waya kwa waya.

Chukulia amplifaya imefunguliwa mpaka inatoa volti 20. Kwa omu 8 inasukuma ampea 2.5, sawa na wati 50. Kwa omu 4 ni ampea 5. Kwa omu 2 inadaiwa ampea 10, na nyuma yake pameandikwa waziwazi kwamba mwisho wake ni omu 4. Transista zitatoa wapi? Kwanza bati la kupozea linachoma mkono, halafu fyuzi inakatika. Fyuzi imeshasema "nimechoka", anatokea mjuaji anaizungushia karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara ili ngoma iendelee. Mjuaji huyo kijiwe kizima tunamfahamu, na leo hajaja kunywa kahawa.

Na dawa yake wala si ghali. Mna spika nne za omu 8? Zifungeni mbilimbili kwa mfululizo, yaani umeme upite ya kwanza ndipo uingie ya pili. Kila jozi inakuwa omu 16. Jozi hizo mbili zikifungwa sambamba mnarudi palepale kwenye omu 8. Spika nne zinalia na amplifaya inaona kama imebeba moja. Zinagawana nguvu, kila moja robo, hilo ni kweli. Lakini zote ziwe za aina moja, tafadhali. Ukiweka ya omu 4 sambamba na ya omu 8, ya 4 inameza umeme mara mbili ya mwenzake, halafu unashangaa kwa nini imeungua yenyewe tu. Kama maandishi yamefutika, maltimita ya fundi ipo: ikisoma 6 au 7 hiyo ni ya omu 8, ikisoma 3 na kitu ni ya 4.

Tukija kwenye wati, hapo ndipo mnaponichefua. Mtu anatoka dukani Shinyanga mjini na sabufa, boksi limeandikwa wati 10,000 PMPO, anatembea kifua mbele. Geuza nyuma, soma inakula umeme kiasi gani: wati 60. Inayokula 60 itatoa 10,000 kwa muujiza gani? Sisi ni majirani wa mgodi wa almasi wa Mwadui, jamani. Lile jiwe la almasi ya waridi la 1947 lilikuwa karati 54.5, likachongwa zikabaki 23.6, na bado likamfaa binti mfalme wa Uingereza. Hizo wati zenu zikichongwa hazijazi kiganja. Tafuteni iliyoandikwa RMS, yaani wati inazotoa kweli mfululizo.

Tena kuongeza wati hakuongezi sauti kama mnavyodhani. Wati zikiwa maradufu zinaleta desibeli 3 tu, sikio linaona tofauti ndogo. Ili mziki usikike kama umekuwa mara mbili, mnahitaji wati kama mara kumi. Ndiyo maana honi ya pale mnadani, yenye wati chache tu, inasikika mbali kuliko masanduku yenu: imeumbwa kuisukuma sauti mbele. Haina besi, sawa, lakini bei ya ng'ombe haihitaji besi.

Na wenye amplifaya ndogo msicheke. Mkiikamua mpaka mwisho sauti inakatwa vichwa, inakwaruza, na mkwaruzo huo ndio unaoua twita.

Waya je? Mnavuta waya wa milimita za mraba 0.5, mita 50 hadi uwanjani. Kwenda na kurudi ni mita 100, karibu omu 3.4. Kwa spika ya omu 4, karibu nusu ya nguvu inaishia kwenye waya! Nunueni wa 2.5.

Kanisani na msikitini wao walishaepa balaa hili: honi zina transfoma ndogo, zimefungwa kwenye laini ya volti 100. Pale huhesabu omu, unajumlisha wati. Honi sita za wati 15 ni 90, amplifaya ya 120 inatosha na chenji inabaki. Lakini ole wake atakayechukua spika yake ya kawaida akaichomeka kwenye tundu hilo la volti 100. Na laini hiyo asiishike kwa mkono.

Sasa wewe mwenyekiti wa kamati ya harusi, usilipe kianzio cha mziki kwa kuhesabu masanduku. Mwambie mwenye mziki akugeuzie amplifaya, akuonyeshe omu za mwisho na spika atakazofunga. Akianza kung'aka, tafuta mwingine.