Migogoro ya Saa na Dada Mpya wa Kazi

Mgogoro wa ratiba kati ya mwajiri na dada mpya wa kazi haungoji mwisho wa mwezi. Huanza asubuhi ya kwanza, pale mama wa mtoto amemaliza zile siku 84 za likizo ya uzazi, ofisi inamtazamia saa 2:00, na dada anayekuja asubuhi na kurudi kwake jioni hajatokea. Kuna mgogoro wa saa ya kuja, wa saa ya kuondoka, wa siku ya mapumziko, na wa wazazi wenyewe kwa wenyewe, ambao huzaliwa na hiyo mitatu. Wa kwanza ndio unaoaibisha zaidi, kwa hiyo ndio utakaoelezwa kwa kirefu.

Mfano wa karibuni, ambao mhusika wake bado anaona haya kupita mbele ya mlinzi wa ofisi, ni wa nyumba moja ya Dar es Salaam. Jioni, baba wa nyumba alimwandikia dada mpya ujumbe wa simu: "Kesho uwepo 6:30. Usichelewe." Dada akajibu, "Sawa baba." Ilipotimia saa 12:30 asubuhi mlangoni hapakuwa na mtu. Saa 1:00 alipigiwa, simu haikupatikana. Mama akachukua mkoba akaondoka, kwa hoja kwamba ujumbe hakuuandika yeye. Baba akabaki na mtoto ambaye hajafikisha miezi mitatu, chupa mbili za maziwa, na kikao cha saa 3:00 alichokiitisha mwenyewe, ajenda ya kwanza ikiwa ni uchelewaji wa wafanyakazi.

Kikao kilifanyika. Mwenyekiti alihudhuria mtoto akiwa kifuani, amefungwa kwa kanga ya mama yake, na kwa kuwa kanga haivaliwi bila maneno, maneno hayo yalisomwa na wajumbe wote kabla ya kufungua kikao. Katibu, mtu asiye na huruma, aliyaingiza kwenye kumbukumbu. Ajenda ya kwanza iliahirishwa hadi tarehe itakayotangazwa. Mwenyekiti akaomba udhuru, akarudi nyumbani na mtoto wake, na saa 6:10 mchana akasikia hodi. Dada alikuwa amesimama kizingitini, kitambaa kichwani, uso wa mtu aliyetimiza wajibu. "Shikamoo baba. Nimewahi kidogo. Muda huu gari hazijai."

Na kweli alikuwa amewahi, kwa dakika 20.

Hesabu ya saa aliyoitumia dada huyo huanza jua linapochomoza. Saa moja ikipita tangu mapambazuko, ni saa 1 asubuhi. Utaratibu huu umesimama juu ya jiografia. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na mahali pa namna hiyo jua lina nidhamu: huchomoza karibu na saa 12 asubuhi mwaka mzima, na tofauti kati ya siku linapowahi kabisa na siku linapochelewa kabisa haifiki saa nzima. London, jua la Desemba huonekana karibu na saa 2 asubuhi, na la Juni kabla ya saa 11 alfajiri. Mtu wa huko akihesabu saa kuanzia mapambazuko, kila mwezi atakuwa na mgogoro na dada wa kazi, hata kama hana mtoto. Waethiopia nao huhesabu kama Waswahili, na hawajawahi kuona sababu ya kuomba radhi.

Saa ya mishale haikuleta taabu yoyote katika jambo hili. Tofauti kati ya hesabu ya Kiswahili na ile ya Kizungu ni saa 6, na saa 6 ni nusu kamili ya mzunguko. Kwa hiyo namba inayotakiwa daima iko upande wa pili wa ile inayoonyeshwa na mshale mfupi: 6 inatazamana na 12, 7 na 1, 8 na 2, 9 na 3. Mshale huo ungeota mkia, mkia ungeonyesha saa ya Kiswahili bila kukosea. Vizazi vya watu wa pwani na bara vimesoma saa za ukutani kwa namna hiyo bila hata kujua kwamba vinafanya hesabu.

Simu imeuondoa upande wa pili. Kioo kinaonyesha 06:30 tu, na hata simu ikiwekwa Kiswahili, tarakimu hazihami. Mdomo wa mwenye simu bado husema saa 12 na nusu, ila kidole chake kinanakili kinachoonekana. Anayeandika kutoka kichwani huandika 12:30, kama magazeti yanavyoandika. Anayeandika kutoka kwenye kioo huandika 6:30. Msomaji hawezi kujua yupi kati yao amemwandikia, na akisoma kama alivyofundishwa shuleni, atakuja mchana.

Mgogoro wa saa ya kuondoka hauna uchawi wa namna hiyo. Kila upande unaijua saa; mmoja tu hauifuati. Makubaliano yalikuwa saa 11 jioni. Mwajiri anaingia saa 1:30 usiku, ana sababu: foleni, bosi, mvua. Dada naye ana daladala mbili za kupanda na mtoto wake mwenyewe aliyeachwa kwa jirani, lakini hizo huitwa visingizio. Akichelewa yeye asubuhi, huandikwa kwenye daftari na kukatwa pesa. Akicheleweshwa jioni, hakuna daftari.

Hesabu yake ni rahisi na haipendezi. Kuanzia saa 12:30 asubuhi hadi saa 1:30 usiku ni saa 13. Ikitolewa moja ya chakula, kama aliipata, zinabaki 12. Kwa siku 6 ni 72. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne, zinazolipwa mara moja na nusu. Katika wiki hizo nne, dada huyu ana za ziada 108. Sheria hiyo haiwagusi wanajeshi, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Wafanyakazi wa majumbani hawamo katika orodha ya walioachwa nje, ingawa waajiri wengi huishi kana kwamba wamo.

Sehemu ya lawama inastahili kwenda ofisini. Sheria hiyohiyo inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi, na kuna wakubwa wanaopanga kikao saa 10 jioni wakijua hilo. Kikao hicho hulipwa na dada wa kazi.

Mgogoro wa siku ya mapumziko hutokea Jumapili, wageni wanapokuja bila taarifa.

Ule wa wazazi huisha kwa mmoja kulala sebuleni.

Kifungu cha 15 cha sheria iliyotajwa kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, saa za kazi zikiwemo, na kama mfanyakazi hayaelewi, aelezwe kwa namna atakayoyaelewa. Shauri likifika mbele ya sheria bila maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha kilichokubaliwa ni wa mwajiri.