Mwongozo wa Kurudi Mikono Mitupu

Kuvua ni kazi ya wavuvi. Sisi wa visamaki bandia, tunaosimama miambani chini ya Mama Ngina, Mombasa, kabla jua halijachomoza, kazi yetu ni kurudi nyumbani bila kitu na bila kuchekwa sana. Jambo hili lina ufundi wake.

Anza na mwezi: usiutazame. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huwa ni bamvua, na hapa Mombasa maji ya bamvua hujaa kabla ya alfajiri. Ukifika gizani utayakuta yanaanza kutoka kwa kasi, yakiburuta vidagaa hadi mdomoni mwa kolekole. Hiyo ni hatari. Lala. Fika saa nne, maji yamekupwa kabisa, uvue mwani.

Ikiwa umeshaamshwa na adhana na huna budi kwenda, bado unaweza kujinusuru. Mwaka 1936 Mfini mmoja, Lauri Rapala, alichonga gome la kizibo likawa kisamaki, akalivika karatasi ya chokoleti ling'ae. Alikuwa ameona kwamba samaki mkubwa huwaacha wazima akamfuata anayepepesuka. Siri yote ndiyo hiyo: kisamaki kionekane kigonjwa. Wewe kivute kwa mwendo mmoja, shingo wima, kama askari wa gwaride. Usikisimamishe hata kidogo, maana pale kinaposita na kuzama ndipo kolekole humwishia subira.

Kisha kuna mzia, na meno yake. Wenye hamu ya kumla hufunga kipande cha waya mbele ya ndoana. Wewe usifunge. Ataondoka na kisamaki cha bei mbaya, nawe utabaki na ncha ya uzi iliyokatwa safi, ushahidi usiopingika. Ila kabla hujaitembeza mtaani, ipitishe kidoleni. Uzi uliosagwa na jabali huota manyoya, na pwani hii hakosekani shangazi anayejua tofauti.

Mzee wa mshipi wa mkono, aliyeketi hatua chache kutoka kwako na ngisi wake kwenye kopo, atakuuliza kwa upole, "Mwanangu, hicho kina harufu?"

Mwamkie kwanza, kisha umweleze kwamba kolekole huwinda kwa macho, kwamba mwanga wa alfajiri humfichia uzi, na kwamba rili yako ina beringi nyingi. Yote ni kweli. Atasema "Naam," atavuta changu, na ataendelea kukusikiliza. Wakati wa kusi usihangaike hata na maelezo. Kisamaki chepesi ukikirusha dhidi ya upepo hukurudia miguuni, naye anaona mwenyewe.

Sasa sokoni, kwa wale ambao nyumbani kwao wameshakuna nazi. Usinunue nguru. Kila mtu anajua hakuja mwambani kukutafuta. Chukua changu wa wastani, umfunue mashavu: yawe mekundu. Yakiwa kahawia, huyo amelala kwenye barafu kukushinda wewe kitandani. Mwambie muuzaji asimpasue tumbo wala asimfunge kwenye gazeti. Na umwahi kabla hajashika kisu, kwa sababu wauzaji wetu ni wakarimu, na utajikuta njiani na samaki uliyemvua akiwa ameshaparwa magamba.