Ungo Uliogoma Kutoa Chenga

Aliyelibatiza dishi la televisheni jina la ungo hakuwa mtu wa Singida. Angekuwa wa huku angejua kwamba ungo na upepo wana mazoea yao ya siku nyingi. Mama akitoka uani na ungo wa uwele akauinua usawa wa bega, upepo hauhitaji kuelekezwa: makapi kule, punje hapa. Sasa wewe unachukua ungo wa bati, unaufunga kwenye bomba, unautazamisha mbinguni, halafu unautaka upepo wa Singida uelewe kwamba huu si wa kupepetea, huu ni wa mpira.

Na chenga nazo. Tangu enzi za bibi zetu, ungo kazi yake ni kutoa chenga kwenye mchele. Wa kwangu ulikuwa ukiziingiza sebuleni.

Yalianza Novemba 2022, Kombe la Dunia la Qatar likiwa mlangoni. Nilikuwa nimekichoka kibanda umiza cha mtaani kwetu Mandewa: benchi la ubao wenye misumari, joto, na bwana mmoja mrefu ambaye hata ukae wapi, kichwa chake kitakuja kukaa mbele yako. Nikatangaza nyumbani kwamba nanunua king'amuzi cha HD.

"HD ndiyo nini?" akauliza Mama Neema.

"Picha safi. Utaona mpaka jasho la mchezaji."

"Nitoe hela nione jasho la mtu?"

Nikamwona hana maono.

Fundi alikuja kwa bodaboda, roli la waya mweusi begani. Akasimika bomba ardhini kando ya nyumba, kwa hoja kwamba paa la bati la huku linatikisika. Kisha kila mtu akapewa kituo chake. Fundi kwenye ungo, Neema dirishani, mama yake mbele ya TV akisoma ubora wa mawimbi. Mimi nikawa msimamizi, kazi ambayo hakuna aliyenipa.

"Hapo je?" fundi.

"Hapo je?" Neema.

"Arobaini!" mama.

"Arobaini!"

Lakini hiyo arobaini ikimfikia fundi, ungo ameshausogeza.

"Sabini! Sabini! Acha hapo!"

"Sabini, acha hapo!"

"Hapo wapi?" anauliza fundi, mkono ukiwa umeshaipita sabini siku nyingi.

Tulipata sitini na kitu, jua likizama nyuma ya miamba, na fundi akasema hapo ndipo penyewe. Spana namba 13 alikuwa amemwazima mwenzake, kwa hiyo nati akazikaza kwa koleo. Nililiona lile koleo kwa macho yangu na nikanyamaza, maana picha ilikuwa imekuja na mimi nilikuwa nafurahi.

Siku za mwanzo hatukuwa na neno. Kisha picha ikaanza kuganda, kukatika, na sura za watu kumeguka vipande vya mraba kama kokoto. Nikakumbuka TV za chogo. Chenga za analojia zilikuwa na utu. Mawimbi yakipungua, picha nayo inapauka kidogo kidogo kama kanga inayofuliwa sana, na mpira unauona hivyo hivyo katikati ya manyunyu. Mitambo ile ilianza kuzimwa Dar es Salaam usiku wa 31 Desemba 2012, mikoa mingine ikafuata, na hisani ile ikaenda nayo. Dijitali haijui kupauka. Ama inakupa yote, ama inakugandisha mdomo wazi.

Nikapiga huduma kwa wateja. Dada mwenye sauti ya asali akaniambia nizime niwashe. Nikazima nikawasha.

"Kuna mvua huko ulipo, mpendwa mteja?"

"Hakuna."

"Kuna mti mbele ya dishi?"

"Dada, huku kwetu mbele ya kila kitu kuna jiwe."

Akaniambia nizime tena, safari hii nisubiri kidogo ndipo niwashe.

Ikafika tarehe 18 Desemba, fainali, Argentina na Ufaransa. Sebule ilijaa: shemeji yangu, Baba Juma jirani, watoto kwenye mkeka. Wote tulikuwa Argentina, na Argentina ilikuwa mbele 2-0, dakika zikielekea 80. Nje upepo wa kutangulia mvua ukaanza kupekua mabati ya watu. Mchezaji mmoja wa Ufaransa akaganda mguu hewani, nusu ya uso wake ikahamia kwenye bega la mwamuzi.

"Itarudi," nikasema.

Tukasikia kishindo kutoka kibanda umiza. Watu wamelipuka.

"Tatu hiyo!" shemeji akaruka. Kabla hajakaa, kishindo cha pili. "Nne!" Tukakumbatiana. Baba Juma, ambaye kwa kawaida noti yake huiaga kwa huzuni, akamtuma mtoto soda za watu wote.

Picha ikarudi. 2-2.

Mbappé alikuwa amefunga mara mbili ndani ya sekunde 97. Mimi nilikuwa nimelipia mwezi mzima, nikakosa sekunde hizo hizo 97. Mvua ikashuka, skrini ikaandika kwamba hakuna mawimbi, na sebule nzima ikahamia kibanda umiza na chupa zake za soda mkononi. Nikalipa kiingilio. Mechi ilikwenda mpaka 3-3 na Argentina wakachukua kombe kwa penalti 4-2. Penalti zenyewe nilizisikia tu, kwa sababu mbele yangu alikuwa yule mrefu.

Fundi alirudi na spana yake. Kumbe tulikuwa tumening'inia pembeni tangu siku ya kwanza. Satelaiti yenyewe imekaa juu ya ikweta, nyuzi 36 mashariki, na Singida iko karibu 35, yaani iko utosini kwetu kabisa, kilomita kama 36,000 kwenda juu. Nusu nyuzi tu ukikosea hapa chini, kule juu umeipita kwa zaidi ya kilomita 300, ni kama umetoka mjini Singida ukaipita Dodoma. Mbingu ikiwa nyeupe, mawimbi ya makombo yanatosha. Likija wingu zito, matone ya mvua yanayala hayo makombo. Ungo wa kibanda umiza, uliooza kutu na kushindiliwa saruji na mawe, ulikuwa umelenga sawasawa, ndiyo maana wenyewe waliyaona mabao. Arthur C. Clarke alipoandika mwaka 1945 kwamba vituo vya namna hii vinaweza kuning'inizwa angani, hakugusia nati kukazwa kwa koleo.

Januari akaja mama mkwe kutoka Ikungi. Asubuhi moja ya jua kali mawimbi yakapotea, pasi upepo, pasi wingu. Nikatoka nje. Ungo wangu, ambao kwa kutazama utosini karibu ulale chali, ulikuwa umetandazwa mlenda mbichi mpaka kwenye ukingo, kwa mkono wa mtu anayejua kuanika. Majani mabichi ni maji, na maji, kama fundi alivyonifundisha, ndiyo adui.

"Shikamoo mama. Huu ungo..."

"Marahaba baba. Mzuri! Mmeuinua vizuri, kuku hawafiki. Ila mgumu, hautikisiki."

Ungekuwa wewe ungesema nini? Nilisema asante.

Aliyemaliza mambo ni mpwa wangu anayesoma Dodoma. Alikaa mbele ya TV dakika mbili, akakunja uso, akachungulia nyuma yake.

"Mjomba, hii HD unaionaje na waya hizi?"

Zilikuwa tatu: nyekundu, nyeupe, na ya njano inayobeba picha. Hiyo ya njano, akanieleza polepole kama mtu anayetoa taarifa ya msiba, mwisho wake ni mistari 576. HD kamili ina 1080. Waya wa HDMI ulikuwa bado ndani ya boksi la king'amuzi, kwenye nailoni yake, haujawahi kufunguliwa. Tangu Novemba nilikuwa nalipia jasho la wachezaji na sijaliona hata tone.

Akauchomeka. Sebule ikanyamaza. Majani ya uwanja yalionekana moja moja. Mama mkwe, aliyekuwa akichambua dengu mlangoni, akasogea akatazama, akamtazama mpwa, akautazama ule waya mfupi.

"Kumbe ubovu ulikuwa huo waya tu?"

"Ndiyo mama."

"Basi," akasema akiinuka na sinia lake, "ule ungo sasa si mnipe."