Sifa za Mpaka

Wapo watu wanaotaka mipaka ya nchi ifutwe dunia nzima. Hao hawana shukrani. Mimi nasimama kuusifu mpaka wetu wa Kenya na Tanzania, ulio kazini tangu 1886 bila likizo.

Kwanza, una nasaba. Waingereza na Wajerumani walikubaliana hukohuko Ulaya, wakapiga mstari kutoka mto Umba hadi Ziwa Victoria, wakaupinda kidogo ili Kilimanjaro uangukie upande wa Wajerumani. (Ile hadithi ya Malkia Victoria kumzawadia mjukuu wake mlima ni tamu, ila mwaka huo mjukuu hata Kaizari hajawa.) Wamaasai hawakusumbuliwa kwa kuulizwa. Wenzao huhangaika miaka na miaka kutafuta uraia wa nchi nyingine. Wao nchi mbili zimewafuata bomani.

Halafu ajira. Hebu shuka Namanga. Mguu haujagusa lami, kijana kakudaka na bunda la noti, anakutajia bei ya shilingi ya Kenya kwa kasi ambayo hesabu yako haiifikii. Mama wa Kimaasai kashakuvisha bangili ya shanga. Kuivua ni juu yako. Wakala wa forodha anajua karatasi gani imekosekana kabla hujafungua bahasha. Mpaka ukifutwa, hawa wakale wapi? Na bodaboda wa njia za panya je? Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ikaufunga mpaka hadi 1983, na magendo yakanawiri kweli kweli.

Lakini karama yake kubwa ni kukweza wanyonge. Sukari dukani ni sukari tu; ivuke usiku, inatafutwa na polisi. Kifaranga wa siku moja ni nani, hata serikali imjue? Mwaka 2017 vifaranga 6,400 kutoka Kenya walikamatwa Namanga kwa kuingia kinyume cha sheria, serikali ya Tanzania ikawachoma moto kwa kuhofia mafua ya ndege. Mwaka huohuo ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya, waliofuata malisho, wakapigwa mnada. Bila mpaka, wale vifaranga wangekua, wakapikwa na ugali, basi, nani angewaandika?

Anayetamani dunia isiyo na mipaka aende Mara mwezi wa Agosti akajionee vurugu yenyewe. Nyumbu kwa malaki wanatoka Serengeti, hawana pasi wala kadi ya homa ya manjano. Ndama aliyezaliwa Ndutu mwezi wa Februari, Mtanzania halisi, anajaza tumbo kwa majani ya Kenya na ushuru halipi. Mvua zikianza kunyesha kusini, wanageuza wote kurudi, wamenona, wala hakuna anayewauliza wamebeba nini.