Mguno wa Abiria katika Barabara ya Kalengera

Kuguna ni kutoa sauti nzito ya kooni, mdomo ukiwa umefumbwa, kwa sababu ya maumivu, uchovu au kutoridhika. Sauti hiyo, yaani mguno, haina budi kutofautishwa na kite, ambacho humtoka anayejikakamua, kama vile mama anayejifungua, na pia na msonyo, ambao hufyonzwa kwenye meno na hubeba dharau tupu. Wasemaji wengi huzichanganya sauti hizi tatu mpaka siku wanapopanda pikipiki Kalengera, katika eneo la Rutshuru, kuelekea Goma.

Barabara ya Taifa namba 2 hupanda hadi Kibumba, kisha hushuka pembezoni mwa Nyiragongo, mlima uliomwaga lava mwaka 1977, 2002 na 2021, na ambao safari hiyo ya mwisho uliikata barabara yenyewe. Abiria wa pili, aliyekalia keria huku amepakata kuku na kabichi, hurushwa na kila jiwe na huguna kila anapotua, naye motari, yaani dereva wa pikipiki, husikia katika mguno huo ombi la kuongeza mwendo. Abiria wa kati, aliyebanwa pande zote mbili, hana hata pumzi ya kugunia, hivyo husonya.

Kite ni mali ya msukuma chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali, ambayo hubeba magunia ya makala na viazi. Penye mlima, msukumaji hupiga kite kwa kila hatua. Penye mteremko hupiga goti juu ya ubao na kupiga mluzi, na mpira wa breki hulia kwa niaba yake.

Sauti hizi, hata hivyo, zina desturi moja: hazipotei bure pasipo msikilizaji. Mguno huongezeka urefu pale Goma inapoonekana na mfuko unapokaribia kufunguliwa, huku abiria akijishika kiuno na kusema, "Papa, umeniua," naye motari akajibu, "Pole, mama," bila kurudisha mkono aliounyoosha. Kwa hiyo anayetaka kupima ubovu wa barabara ahesabu miguno ya njiani peke yake, kwa kuwa ile inayopigwa baada ya kushuka hupima nauli.