Namna ya Kumwita Nyuki kwa Kiarabu Bila ya Kumwita Mtende

Mwongozo huu ni wa mtu wa Jambiani aliyepita chuoni, akahitimu Msahafu, na bado akiulizwa nyuki kwa Kiarabu anaitwaje anageuka kutazama bahari. Vifaa ni vitatu: koo, kioo kidogo cha mkononi, na maalim mwenye subira. Nyuki mwenyewe abaki kwake.

Neno ni nahl. Ukilisoma kwa herufi zetu utadhani kazi imekwisha, na mtego upo hapo hapo. Kiswahili kilipopokea maneno ya Kiarabu kilizikusanya herufi tatu kwenye h moja: habari ilikuja na خ, haki ikaja na ح, hewa ikaja na ه. Sisi kwa sisi tunaelewana vizuri. Mwarabu hatuelewi, kwa sababu kwake nahl ya ح ni nyuki, na nakhl ya خ ni mitende. Ukifika kwa daktari Muscat, mkono umevimba, ukamwambia nakhla imekuuma, umemwambia kuwa umeumwa na mtende. Atakupima homa kwanza.

Basi anza na koo. Wanaosoma tajwidi wameshafundishwa kuwa koo ni nyumba ya ghorofa tatu. Chini kabisa, upande wa kifua, hutoka hamza na ه. Katikati hutoka ع na ح. Juu, karibu na kinywa, hutoka غ na خ. Nyuki anakaa ghorofa ya kati. Shika kioo, kisogeze mdomoni, kipulizie pumzi ya moto mpaka kiingie ukungu, kisha libane koo kidogo katikati huku pumzi ikiendelea kutoka laini. Ukisikia mkwaruzo, umepanda juu mno, uko mitendeni, shuka. Zoezi hili lifanyie pwani wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekwenda mbali na kina mama wako kwenye mwani wao. Ndani ya daladala abiria watakuombea dua.

Kuandika kuna hatari yake. Nyuki, نحل, hana nukta kwenye herufi ya kati. Mtie nukta juu, amekuwa mitende, نخل. Mtie nukta chini, amekuwa najl, نجل, yaani mwana wa mtu. Mwenye haraka na kalamu anaweza kuwafungia mzinga watoto wa jirani.

Halafu kuna mmoja na wengi. Nyuki wetu ni nyuki akiwa peke yake na ni nyuki akija na ukoo mzima. Kwa Kiarabu nahl ni jinsi yao yote. Yule mmoja aliyekuuma ni nahla. Tende nazo ni tamr, moja ni tamra. Chungu ni naml, mmoja ni namla. Jifunze kwa jozi hivyo, maana ukizishika jozi tatu, nyingine nyingi zitakuja zenyewe.

Sasa fungua Msahafu, sura ya 16, yenye aya 128. Jina lake ni An-Nahl, na umelitamka tangu utotoni. Aya ya 67 inataja matunda ya mitende na mizabibu. Aya ya 68 inamtaja nyuki. Wawili hawa wamepakana, kwa hiyo asiyeitofautisha ح na خ anajikwaa pale pale wanapokutana. Tazama pia kwamba amri anayopewa nyuki, ajenge nyumba milimani, mitini na katika wanayoyajenga watu, imekuja kwa umbo la kike. Na nyuki wanaojenga masega, wanaotafuta maua na wanaouma, wote ni majike. Dume hana mwiba.

Hapa nina ombi kwa maalim wetu, na naliomba kwa adabu. Mtoto anaisoma aya hii kwa idghamu iliyonyooka, anafunga juzuu, anatoka, anapita kwenye maweni nyuma ya kijiji na kulitupia mawe tundu la nyuki bila ya kujua kuwa ndio hao aliokuwa akiwasoma sasa hivi. Hili linaniuma kuliko mwiba. Jambiani hatuna milima, lakini jiwe la matumbawe lina mashimo na misitu ina magogo. Maalim, siku darasa likifika aya ya 68, wasimamishe watoto kidogo, waambie: nahl ni nyuki. Kisha watoe nje wakawaone, kwa mbali. Kheri mtoto aijue maana ya neno moja siku hiyo kuliko kuongeza ukurasa.

Mtu asiogope kwamba Kiarabu kitamla nyuki wetu. Asali tuliichukua kwa Waarabu, jina lake ni lao, lakini mdudu amebaki na jina la bara: Mganda anasema enjuki, Mkikuyu njuki. Na Oman, waliko jamaa zetu wengi, asali ya sidr, mti wa jamii ya mkunazi, inaheshimiwa kama dawa. Anayejua kuuliza kwa ح iliyokaa sawa atasikilizwa dukani.

Nyigu ni somo jingine: zunbur. Huyu alimtesa hata bingwa wa nahau. Katika karne ya 8, Baghdad, mbele ya waziri Yahya al-Barmaki, al-Kisai wa Kufa alimuuliza Sibawayhi wa Basra kuhusu sentensi inayolinganisha mwiba wa nge na wa nyigu, na neno la mwisho liweje. Sibawayhi alijuzisha njia moja, al-Kisai akajuzisha mbili. Mabedui walioitwa kuamua wakamuunga mkono al-Kisai. Wapo wanaosimulia kuwa walilipwa. Sibawayhi alirudi Uajemi na kufia huko, na kitabu chake ndio msingi wa nahau mpaka leo. Kwa hiyo ukisahihishwa hadharani kwa jina la mdudu, vumilia, usihame mji.

Sentensi ya kuhifadhi ni lasaatni nahla, nyuki ameniuma. Iseme ukishafika mahali salama, kwa sababu mwiba unaobaki mwilini hutoa harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, na harufu hiyo inawaita wengine. Kimbia kwanza huku umefunika uso. Ukishatoka, ukwangue mwiba mara moja kwa ukucha, osha kwa sabuni, weka kitu cha baridi. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, acha ح na خ zote, mwambie aliye karibu kwa Kiswahili chako akupeleke Hospitali ya Makunduchi, na asisubiri gari ijae.